Mhuri Uliolala Chini ya Kitanda: Kisa cha Katibu Meneja wa Chama cha Msingi cha Korosho Mkoani Mtwara

Kisa hiki kinamhusu katibu meneja wa chama cha msingi cha ushirika wa korosho katika kijiji kimoja cha Uwanda wa Makonde, mkoani Mtwara. Mwezi Desemba, minada ikiwa imepamba moto, alimkabidhi mwenyekiti wa bodi barua ya kuacha kazi iliyotaja sababu moja tu: mambo ya kifamilia. Wajumbe wa bodi walidhani kwamba anatafuta nyongeza ya mshahara, kwa kuwa msimu ndio wakati ambao chama hakiwezi kwenda bila yeye, nao walikuwa tayari kuzungumzia fedha. Yeye hakuzitaja hata mara moja. Niliombwa na bodi nikae na pande zote kama mshauri wa masuala ya ajira, na ninayoyaandika hapa yanatokana na mazungumzo hayo. Yeye, mkewe na bodi wameridhia yaandikwe, ila majina yameachwa na mambo madogo yanayoweza kuwatambulisha yamebadilishwa.

Kazi yenyewe

Korosho hulipa mara moja kwa mwaka. Mavuno yakianza kukolea, na minada kufunguliwa mwezi Oktoba, kila jambo lililokuwa likisubiri tangu mwanzo wa mwaka husimama mlangoni kwa pamoja: mahitaji ya mtoto anayeingia kidato cha kwanza mwezi Januari, bati za nyumba iliyoishia kwenye renta, deni la dukani, posa, ngoma. Tangu mwaka 2007 zao hili limekuwa likiuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Mkulima hupeleka korosho katika ghala la chama chake, hupimiwa, hupewa stakabadhi, kisha mzigo husafirishwa hadi ghala kuu na kuingizwa mnadani, na mnunuzi akishalipa, fedha hufika katika akaunti ya benki ya mkulima baada ya makato. Kati ya siku ya mizani na siku ya fedha kuna pengo, na katika pengo hilo sura pekee anayoifahamu mkulima ni ya katibu meneja.

Pengo hilo lina kumbukumbu zake. Watu wa kusini hawajasahau msimu wa 2018/2019, ambapo wanunuzi walitoa bei zilizokataliwa, Rais John Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likaingia kusomba mizigo, na uhakiki wa wakulima ukachukua muda kiasi kwamba wengi walisubiri malipo yao kwa miezi. Aliyewahi kusubiri namna ile hasubiri tena kwa utulivu. Bei nazo zilipanda baadaye; katika minada ya mwanzo ya msimu wa 2024/2025 zilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, kwa hiyo kwa bei ile kilo 100 zilizoandikwa vibaya zilikuwa zaidi ya shilingi 400,000 za mtu. Ninayataja haya mapema kwa sababu sitaki msomaji awaone wakulima waliokuwa wakigonga mlango wa katibu usiku kama watu wasio na adabu. Walikuwa na sababu ya kugonga.

Upande wa pili wa mwaka nao hauna nafasi kubwa kama inavyodhaniwa. Kuanzia katikati ya mwaka huja ugawaji wa pembejeo, hasa salfa ya kupulizia mikorosho dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, pamoja na orodha za wakulima na malalamiko ya majina yaliyorukwa. Kisha kuna ukaguzi wa hesabu na mkutano mkuu. Vilele viwili vya kazi, cha pembejeo na cha mauzo, vinagongana moja kwa moja na likizo za shule za Juni na Desemba, na likizo hizo ndizo familia nyingi za Mtwara na Lindi huzitumia kwa jando, unyago na sherehe za ukoo. Ratiba ya chama haikuwahi kupangwa na mtu aliyeliona hilo, ingawa kila mjumbe wa bodi analifahamu nyumbani kwake.

Nyumba iliyogeuka ofisi

Ofisi ya chama ni chumba kimoja kilichoungana na ghala, chenye mlango wa mbao na kufuli ambalo, kwa maneno ya mlinzi mwenyewe, lingefunguliwa kwa msumari. Kwa hofu hiyo katibu alizoea kuondoka kila jioni na mhuri wa chama pamoja na vitabu vya stakabadhi, akaviweka katika sanduku la bati chini ya kitanda chake. Namba yake binafsi ya simu ndiyo iliyoandikwa kwa rangi kwenye ukuta wa ghala. Mambo haya mawili, yaliyoanza kama uangalifu wa mtumishi mwaminifu, yaliihamishia ofisi chumbani kwake bila mtu yeyote kuamua hivyo. Mkulima anayehitaji stakabadhi igongwe mhuri huenda ulipo mhuri.

Mkewe ni mwalimu wa shule ya msingi. Jioni niliyokaribishwa kwao, ugali wa muhogo na kisamvu vilikuwa vimekwisha kutengwa barazani, mikono imenawiwa, hodi ikapigwa. Alikuwa mzee kutoka kitongoji cha mbali, mwenye stakabadhi tatu ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa kwa uzi. Alikaribishwa chakula, naye kwa heshima akamega mara mbili tu, kisha akaanza kuufungua ule uzi taratibu na kuuliza kama mzigo wake ulikuwa katika mnada uliopita au ungekuwa katika mnada ujao. Katibu alisimama, akaingia ndani kuchukua daftari, ugali wake ukapoa. Wakati huohuo simu iliita, na binti yao, ambaye bado yuko madarasa ya chini, akaichukua kabla ya mtu kumwambia, akajibu kwa sauti ya mtu mzima: "Katibu yuko ghalani, piga kesho asubuhi." Baba yake alikuwa hatua chache kutoka hapo. Nilimuuliza mama yake nani aliyemfundisha maneno hayo. Akaniambia kwamba hakuna aliyemfundisha, ameyaokota tu, na kwamba siku hizi hata akitaka kuomba daftari la shule humwambia mama yake, "Mwambie Katibu."

Mama huyo aliniambia jambo jingine ambalo bodi haikuwa imelifikiria kabisa. Katika msimu yeye hupokea karatasi, huwapa wageni maji na mahali pa kukaa, hukariri majina ya waliokuja mumewe akiwa hayupo, hutuliza waliokasirika, na madaftari ya wanafunzi wake husahihishwa baada ya saa 5 usiku. Alisema bila hasira: "Mimi nimeajiriwa na halmashauri, lakini mwezi wa kumi mpaka wa kwanza natumikia chama, na chama hakinijui."

Magunia ya shemeji na siku ya mwali

Matukio mawili yalitangulia barua ile, na yote yalimhusu dada yake mmoja.

La kwanza lilitokea mvua za mwanzo ziliponyesha. Shemeji yake alikuwa na korosho zilizonyeshewa, akazianika kwa haraka, na kabla hazijakauka sawasawa akazitia katika magunia na kuyaleta nyumbani kwa katibu usiku, badala ya kuyapeleka ghalani mchana. Dada mtu alikuja naye. Alisema maneno ambayo katibu aliyakumbuka yote: "Kaka, mtoto anaingia sekondari Januari. Ukizikataa wewe, nani atazipokea?" Asubuhi yake katibu alimwambia karani wa mizani azipime. Karani, ambaye ni msichana wa kijiji hicho na kwa umri angeweza kuwa binti yake, alizipima bila kuuliza. Mzigo ulipofika ghala kuu ulikutwa na unyevu uliozidi kiwango, ukazuiwa hadi uchambuliwe na kuanikwa upya, na wakulima wote waliokuwa na korosho katika lori lile wakakosa mnada wa wiki hiyo. Ndani ya chama hakuna aliyejua chanzo isipokuwa watu wawili, yeye na karani. Alilisema mwenyewe mbele ya bodi, kabla mtu hajamuuliza.

La pili lilikuwa mwezi Desemba. Binti wa dada huyohuyo alikuwa unyagoni, na siku yake ya kutolewa mwali ilikuwa imetangazwa mapema. Wamakonde, kama ilivyo kwa Wamakua, Wayao na Wamwera, kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na ingawa dini, shule na sheria za nchi zimebadili mengi, nafasi ya mjomba katika shughuli kama hiyo haijafutika. Mjomba si mgeni mwalikwa katika siku ya mwali. Ni mmoja wa wenye shughuli. Siku hiyo malori mawili yalikuja kupakia mzigo wa mnada, na vitabu vilikuwa kwake. Alituma fedha za kutosha, kwa khanga, kwa mchele, kwa wapiga ngoma. Hakwenda. Siku chache baadaye mjomba wake mwenyewe, mzee wa ukoo, alifika nyumbani, akakataa kiti, akasema akiwa amesimama: "Fedha tumeiona. Wewe hatukukuona." Barua ya kuacha kazi iliandikwa wiki hiyo.

Nimeyaweka matukio haya pamoja kwa sababu ndiyo kiini cha kisa. Kwa dada mmoja, ndani ya msimu mmoja, mtu huyu alitoa kwa cheo chake kitu ambacho hakikuwa chake, yaani uadilifu wa mizani ya chama, kisha akashindwa kutoa kwa undugu wake kitu ambacho hakuna mwingine duniani angeweza kukitoa, yaani kuwapo kwake. Pale palipohitaji katibu alifika kaka, na pale palipohitaji mjomba kulikuwa na katibu aliyetuma fedha. Wanaozungumzia kazi na familia kama mizigo miwili ya kupimwa ili ilingane hawawezi kuliona kosa hili, kwa sababu hata kama saa zingegawanywa sawa kabisa, kila mmoja wa hawa wawili angeendelea kufika mahali pasipo pake.

Uchambuzi

Bodi ilianza na swali la muda, na ni kweli kwamba kuna la kusema hapo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambayo inakigusa chama cha msingi kama inavyomgusa mwajiri mwingine yeyote, inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine, mapumziko ya saa 24 kila wiki, na likizo ya mwaka ya siku 28 yenye malipo. Mjumbe mmoja alisema kwamba vifungu vya saa za kazi havimhusu mtu anayesimamia wenzake kwa niaba ya mwajiri na kuwajibika moja kwa moja kwa uongozi wa juu, na hoja hiyo haikuwa ya kubezwa, kwa maana sheria yenyewe ina msamaha wa aina hiyo. Niliwashauri wasiigeuze kuwa ngao. Chama chenye mizani moja, karani mmoja, mlinzi mmoja na katibu mmoja kikianza kumwita katibu huyo uongozi ili asipumzike, kitakuwa kimetumia kifungu hicho kuhalalisha uchovu wa mtu anayebeba magunia mwenyewe lori likichelewa. Likizo, kwa vyovyote, hakuwa amepewa kwa miaka kadhaa, na hakuna aliyeweza kunieleza kwa nini, zaidi ya kwamba hakuwahi kuiomba.

Hata hivyo, muda haukuwa jeraha kubwa. Katika kazi ya msimu ni ndoto kutaka kila siku ya Novemba ifanane na kila siku ya Machi, na familia za wakulima na wavuvi wa pwani hii zimejua tangu zamani kuishi na miezi ya pilikapilika na miezi ya utulivu. Mkewe aliniambia wazi kwamba saa ndefu zingevumilika kama zingekuwa na mahali pake. Kilichomchosha ni kwamba hapakuwa na mlango ambao kazi iliishia. Kwa hiyo niliwaomba wajumbe wahame kutoka swali la saa ngapi na kuingia katika swali la mahali gani: kwa nini mkulima anayetaka kujua habari za mzigo wake hana pengine pa kuipata isipokuwa kwenye kichwa na simu ya mtu mmoja?

Jibu ni kwamba chama hakikuwa na njia nyingine ya kutoa habari. Tulipopitia kwa pamoja sababu za watu kufika nyumbani kwa katibu, maswali mengi yalikuwa matatu tu: mzigo wangu uko mnada gani, bei ilikuwa kiasi gani, na fedha zimetoka au bado. Yote matatu yanajibika kwa ubao na chaki. Waliobaki walikuwa hasa wale ambao fedha zao zilirudi kwa sababu namba ya akaunti iliandikwa vibaya au jina la kwenye orodha ya chama halikufanana na la benki, na hao ndio waliostahili muda wa katibu kuliko wengine, lakini walikuwa wamepotea katikati ya msongamano wa maswali mepesi. Inasikitisha kwamba mtu alikaribia kuvunja nyumba yake kwa kukosekana kwa ubao.

Mzee mmoja wa bodi hakukubaliana na mwelekeo huu, na ninamheshimu kwa hoja aliyoileta. Alisema kwamba ushirika ni wa watu, kwamba katibu anayefunga mlango wake ataonekana anaringa, na kwamba yeye amekulia katika kijiji ambacho mtu mwenye dhamana hakuwa na usiku. Kuna ukweli ndani yake. Yupo bibi asiye na simu, yupo asiyejua kusoma ubao, yupo anayetembea kutoka kitongoji cha mbali na kufika jua limezama kwa sababu mchana alikuwa shambani akiokota. Ila nilimkumbusha magunia ya shemeji. Magunia yale hayakuja mchana, hayakuja ghalani, na hayakuja mbele ya karani. Yalikuja usiku, nyumbani, pamoja na dada. Mlango uliokuwa wazi kwa bibi asiye na simu ndio huohuo ulioingiza korosho zisizokauka, na walioumia kwa kukosa mnada ni pamoja na mabibi wa aina hiyo. Kumwachia katibu nyumba yake kunamnufaisha mkulima kwanza, kwa sababu upendeleo hauombwi mbele ya mizani watu wakitazama. Huombwa barazani, baada ya chakula, kwa sauti ya chini, na mtu ambaye huwezi kumfukuza.

Kuhusu ndugu, nilitofautiana na katibu mwenyewe. Katika mazungumzo yetu ya awali alisema kwamba dawa ni kuomba kuhamishiwa chama cha mbali, Liwale au Nanyumbu, mahali ambapo hana dada wala shemeji. Nadhani angepoteza zaidi ya alichotaka kukiokoa. Ukoo wake haukuwa tatizo. Uliachwa upambane na cheo chake bila utaratibu wowote katikati. Dada aliposema "nani atazipokea?" alikuwa anauliza swali la haki kabisa kwa kadiri ya alivyoona, kwa maana kwa macho ya kijiji chote katibu ndiye aliyekuwa akipokea au kukataa, kana kwamba ubora wa korosho unatoka moyoni mwake. Mtu aliyeachwa katika hali hiyo atalazimika kuchagua kati ya kuwa ndugu mbaya na kuwa mtumishi mbaya kila mvua inaponyesha. Chama kilipaswa kumwondolea uchaguzi huo, kwa kutangaza mbele ya wanachama kwamba mzigo wa ndugu wa mtumishi yeyote hupimwa na mwingine, mbele ya mjumbe wa bodi, na mhusika akiwa kando. Hapo akimwambia dada yake kwamba hawezi, hatakuwa amemkataa yeye.

Kuna upande wa katibu mwenyewe ambao haufai kufichwa. Alikiri kwamba kuitwa Katibu sokoni, msikitini, hata na wazee waliomzidi umri mwingi, kulimpa uzito ambao hakuwa nao kabla ya kazi hii, na kwamba msimu unapofungwa hukaa barazani bila kujua la kufanya na mikono yake. Mkewe alisema jambo hilohilo kwa namna nyingine: "Msimu ukiisha anakaa humu kama mgeni anayesubiri basi." Ana shamba la mikorosho alilolirithi kwa mama yake. Kwa miaka miwili mfululizo yeye, anayegawa salfa kwa kijiji kizima, hakupata nafasi ya kupulizia miti yake, ubwiriunga ukakausha maua, na mavuno yakawa haba. Nililichukulia jambo la shamba kwa uzito mkubwa kuliko hata saa za kazi. Mtu ambaye hana kitu kingine anachokifanya kwa jina lake mwenyewe hawezi kuivua kazi jioni, hata ukimfungia ofisi kwa makufuli kumi, kwa sababu akiivua habaki na kitu cha kuvaa.

Yaliyokubaliwa

Bodi ilimwomba aisogeze barua yake hadi msimu ufungwe, naye akakubali kwa sharti kwamba mabadiliko yaanze mara moja na si baada ya mkutano mkuu. Sanduku la chuma lenye kufuli madhubuti lilinunuliwa na kuchimbiwa sakafuni mwa ofisi, mlango ukaongezwa nondo, na mhuri ukatoka chini ya kitanda. Laini mpya ya simu ilisajiliwa kwa ajili ya chama na namba yake ikaandikwa ukutani juu ya ile ya zamani. Hushikwa kwa zamu na katibu na karani, na huzimwa kuanzia saa 1 jioni hadi saa 1 asubuhi, ambazo ndizo saa 12 zinazotajwa na sheria. Likitokea jambo la kweli la dharura, kama moto au wizi ghalani, mlinzi humpigia kwanza mwenyekiti.

Ubao ulileta mjadala ambao sikuutegemea. Pendekezo la kwanza lilikuwa kuandika majina, kilo na kiasi kilicholipwa. Mwanamke mmoja mwanachama aliinuka akasema kwamba jina lake likiandikwa na fedha zake pembeni, wakwe, mawifi na wadai watafika kwake kabla yeye hajafika benki. Alikuwa akidai kwa ajili ya wakulima kilekile tulichokuwa tukikitafuta kwa katibu, na alikuwa sahihi. Ubao sasa huonyesha namba za stakabadhi, namba ya mnada, bei iliyokubaliwa na kama malipo yametumwa, basi. Wasiojua kusoma na wasio na simu walitengewa asubuhi ya Jumatano, ambapo mjumbe mmoja wa bodi hukaa na daftari chini ya mwembe wa ghala, na yule mzee aliyepinga ndiye aliyejitolea kuanza.

Kanuni ya ndugu ilipitishwa kwa maandishi. Karani alipewa mamlaka ya kukataa mzigo wenye unyevu bila kumwuliza katibu, na kwa maoni yangu hilo lilikuwa na uzito kuliko mengine yote, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa amebebeshwa siri ya mkubwa wake bila kuwa na pa kuipeleka. Kuhusu magunia yenyewe, bodi ilimwandikia katibu onyo na kueleza wanachama wa lori lile kilichotokea. Wapo waliokasirika, na mmoja bado hamsalimii.

Familia haikurekebishwa na azimio la bodi. Alikwenda kwa mzee wa ukoo pamoja na mkewe, akakaa kutwa nzima, na kilichosemwa huko hakinihusu. Dada yake alikataa kwa muda kupokea simu zake, si kwa ajili ya magunia bali kwa ajili ya siku ya mwali. Siku 28 za likizo alizichukua baada ya msimu kufungwa, na sehemu kubwa alikuwa shambani na mwanawe mkubwa, wakifyeka na kukata matawi makavu.

Mambo mawili hayajapata ufumbuzi. Kipindi cha pembejeo na cha mauzo kinahitaji karani wa pili, na bodi imekubali kimsingi bila kutenga fedha; bila mtu huyo, laini ya simu ya zamu itarudi mikononi mwa mtu mmoja mara karani wa sasa atakapougua au kuolewa mbali. La pili ni kijana wa dada yake anayeingia jandoni mwezi Juni, wakati uleule wa kugawa salfa. Katika kalenda ya chama iliyobandikwa ofisini, siku hizo zimeandikwa jina la makamu mwenyekiti kama msimamizi wa ugawaji, na jina la katibu halipo. Mkewe ameniambia kwamba safari hii dada mtu ndiye aliyepiga simu mwenyewe kutaja tarehe, na aliipiga kwa namba ya nyumbani.